Makaburi ya Maharage

Mama yangu alipata makaburi bila kufiwa na mtu. Habari hiyo ilinikuta dukani, asubuhi moja ya mwezi wa tisa, nikiwa juu ya ngazi napanga makopo ya rangi. Mwenyekiti wa mtaa wetu wa zamani, kule upande wa Pito, alisimamisha baiskeli yake mlangoni akaniambia ramani mpya ya mji imeletwa ofisini kwake, na shamba la mama limepakwa rangi ya kijivu na kuandikwa kwamba ni eneo la makaburi. Nilishuka ngazi mbio mbio nikamuuliza nani amekufa. Akasema hajafa mtu, na huo ndio uzuri wenyewe.

Ili unielewe, lazima nikueleze kwanza tulikotoka. Mji wetu wa Sumbawanga unakua, na mimi nalisema hilo kwa furaha kwa sababu nauza saruji, mabati na misumari. Mji usipokua, mimi sili. Nilipokuwa binti mdogo, ukitoka kwetu kwenda mjini ulipita mahindi, ukapita mahindi tena, ukafika kanisani, ndipo mji ukaanza. Siku hizi unapita nyumba, fensi, gereji, nyumba nyingine, kisha mabua machache yamechungulia katikati ya kuta kama yamepotea njia. Nyingi katika nyumba hizo mabati yake nimeyauza mimi na sioni haya. Watu wanazaliwa, wanaoa, wanahamia kutoka Chala na Kabwe kutafuta maisha, na wote wanataka pa kulaza ubavu. Lakini ilipofika zamu ya shamba la mama, niligeuka. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilivuta kwa nguvu zangu zote.

Tangu mwaka uliotangulia tulikuwa tumesikia kwamba mteremko wetu utapimwa viwanja. Ramani ya mwanzo ilionyesha hivyo, vijisanduku vidogo vidogo kuanzia juu kwenye changarawe, ilipokuwa nyumba yetu, hadi chini kijitoni. Mama hakupiga kelele. Yeye akiwa na huzuni huwa anafagia, na mwaka ule uwanja wetu ulifagiliwa mpaka changarawe ya chini ikatokeza nje. Lile shamba ndilo lililotusomesha, na baada ya baba kufariki ndilo lililomfanya aamke asubuhi. Nilijua wazi kwamba likichukuliwa, mama atakula, atavaa, ataenda misa Jumapili, ila hatakuwa na sababu ya kuamka.

Sasa makaburi yalitoka wapi? Yalitoka kwenye ulimaji wetu. Sisi Wafipa, mvua zikikaribia kuisha na majani yakiwa yamefika kiunoni, hatuyachomi. Tunayakata kwa jembe pamoja na udongo wake, tunayageuza kichwa chini, tunayafunika, na kurundika juu yake udongo mpaka linakuwa tuta kubwa lililosimama peke yake. Tunaliita ntumba. Juu yake tunapanda maharage. Maharage yakishavunwa, ntumba zinakaa kiangazi kizima hazina kitu, majani yanaoza taratibu mle ndani. Mvua za kwanza zikinyesha tunazibomoa, tunatandaza ule udongo uliokwiva, tunasia ulezi. Watu wengine hufanya ntumba za mviringo, lakini za mama ni ndefu ndefu kwa sababu shamba limeinama, naye anazilaza kuukinga mteremko ili maji yasiondoke na udongo. Na mama anapenda mistari. Ntumba zake zimepangika kama watoto wa shule paredi.

Mwezi wa nane ikaja droni. Walioirusha walikuwa kampuni iliyokodishwa kutoka mbali, vijana wenye kofia na miwani ambao hawakuwahi kukanyaga Ufipa. Waliirusha kutoka barabarani, watoto wakaikimbilia, kuku wakajificha, na saa hiyo hiyo wakafunga virago wakaenda kuchora. Kule walikokuwa wakaona kwenye picha mteremko uliokauka, vichuguu virefu vimelala safu kwa safu, na kigango cha kanisa si mbali na hapo. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi siwalaumu. Wakapaka kijivu.

Nilifunga duka nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Nilimkuta mama anapepeta maharage. Nilipomweleza, aligeuka kulitazama shamba, akanigeukia mimi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini, ungo ukamponyoka, maharage yakasambaa, na mimi nikakaa karibu naye tukaendelea kucheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Mwenyekiti alikuwa ametushauri tufunge midomo. Makaburi hayahamishwi kirahisi, alisema, hakuna atakayethubutu kupima viwanja pale, na Mungu ana njia zake. Usiku ule mama alilala, nami nilimsikia akikoroma kwa raha kabisa.

Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulifurahia. Watu wakipita njiani walimuuliza mama marehemu wake wanaendeleaje. Yeye aliwajibu kwamba wote salama, wameshavunwa, wako kwenye gunia. Vijana wa bodaboda walikibatiza kituo chao jina la Makaburini, na wakimwona mama wanavua kofia. Siku moja nilimsikia mmoja akimwambia abiria, "Mshikaji, hapa ndiyo penye wafu wanaoliwa na wali." Mama alipenda mzaha huo kuliko sisi wote.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata kama mwongo mwenyewe hakusema kitu. Shida ilianzia sokoni. Mama alikuwa amepeleka maharage yake, mazuri, mekundu, yasiyo na kijiwe hata kimoja, akayamwaga kwenye turubai. Mteja mmoja mgeni mjini alikuwa ameshapimiwa akasikia wachuuzi wa pembeni wakitaniana. Aliuliza ni makaburi gani hayo. Wakamjibu kwa mzaha, naye hakuona mzaha. Akayarudisha maharage yote kwenye turubai, akapangusa mikono kwenye kanga, akaondoka bila kuaga. Nilikuwepo. Mimi hasira zangu ziko karibu, nilimfuata hadi kwenye mafungu ya dagaa nikimweleza ntumba ni nini, nikipaza sauti kama muuza dawa za panya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo watu wengi zaidi walivyosikia neno makaburi. Kufikia jioni hakuna aliyekuja kwenye turubai letu. Tukarudi na gunia letu kwenye mkokoteni, na mama akaniomba kwa upole nisimsaidie tena kuuza.

Hilo tungelistahimili. Maharage hata nyumbani yanalika. Ila mwezi wa kumi na moja mvua zikanyesha, mvua zile za kwanza zinazofanya uwanda wote wa Ufipa unukie vumbi lililolowa, na mama akatoa jembe lake nje akaanza kuligongea mpini lisilegee. Wakati wa kubomoa ntumba ulikuwa umefika. Mwenyekiti alikuja akikimbia, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini. Alimsihi mama asiguse kitu. Wapimaji watarudi kupiga picha za mwisho, alisema, wakikuta makaburi yote yametoweka kwa siku moja, tutaitwa wafukua maiti. Na wakigundua kwamba hayakuwa makaburi, shamba linarudi kuwa viwanja. Dawa yake ilikuwa moja tu: mama aache shamba hivyo hivyo, asisie ulezi, mpaka ramani ipitishwe. Msimu mmoja tu, labda miwili.

Nilimuunga mkono mwenyekiti. Nilimwambia mama kwamba ulezi nitamnunulia, magunia anayotaka, apumzike. Mama aliendelea kugongea mpini. Alipomaliza alisema, wala hakutuangalia, "Nikiliacha bila kulilima ili wasilichukue, si wameshalichukua?"

Mwenyekiti alinitazama, nami nikatazama miguu yangu. 

Kesho yake mama alivaa kitenge chake cha misa, akapaka mafuta, akaniambia nimpeleke ofisini kwa bwana anayeshughulika na mipango ya mji. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu yule bwana awe safarini. Hakuwa safarini. Alikuwa kijana wa Tanga, mpole, amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi yetu, na aliposimama kumpa mama kiti na kusema shikamoo bibi, nikajua mama ameshampenda. Ukutani kwake ramani ilikuwa imetandazwa, na shamba letu hilo hapo, kijivu.

Mama aliitikia marahaba, akakaa, akaweka kidole kwenye ramani. "Pale hapana maiti, mwanangu," alisema. "Ni maharage."

Kijana alisogea karibu. Mama akamweleza yote, jembe, majani, kuoza, mistari, kwa Kiswahili chake kinachochanganyika na Kifipa akiwa na haraka, nami nikitafsiri palipokwama. Yule kijana alijiuma midomo. Aliangalia ramani, akamwangalia mama, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Tulicheka wote watatu. Kisha yeye akawahi kuacha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kama si makaburi, basi ni eneo wazi, na eneo wazi kwenye mpango wa awali lilikuwa viwanja. Alitaka bibi ajue hilo kabla hajaifuta ile rangi ya kijivu. Mama alijibu kwamba anajua, ndiyo maana amevaa vizuri. Akamwalika aje Jumamosi, tunabomoa, aone kwanza kwa macho yake ndipo apake rangi anayotaka.

Jumamosi ile ningeirudia hata kesho. Kwetu kazi kubwa ya shamba ni ya kualikana. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi siku kadhaa kabla, watu wanakuja na majembe yao, na kazi ikiisha ndipo chungu kinafunuliwa. Walikuja zaidi ya tuliowaalika, kwa sababu kila mtu alitaka kuona makaburi yakifukuliwa. Kijana wa Tanga alikuja na mabuti mapya ya mvua ambayo bado yalikuwa na kibandiko cha duka, na mama, aliyekuwa ameuliza mapema kama ni Mwislamu, alikuwa amemtengea togwa yake tamu kwenye kibuyu cha peke yake. Alipewa jembe na safu yake. Ntumba ya kwanza aliipiga pembeni, udongo ukamrukia usoni, wanawake wakapiga vigelegele. Ya pili ilifunguka vizuri. Aliinama, akachota ule udongo mweusi uliolegea, akaunusa. Majani yote yaliyozikwa mwezi wa tatu yalikuwa yamegeuka, hukuona hata jani moja.

Nilidhani atatuuliza kuhusu mbolea. Yeye akauliza maji ya mteremko huu huenda wapi mvua kubwa ikinyesha. Tukamwambia hayaendi, yanakaa humu humu, yanashuka polepole kijitoni. Akasimama akatuonyesha kwa jembe mteremko wa ng'ambo, uliojengwa miaka ya karibuni, mabati yangu yanametameta juu yake. Alisema kila msimu anapokea malalamiko ya watu wa chini ya mteremko ule, maji yanawaingilia vyumbani, na alikuwa akitafuta namna ya kuyazuia yasianze upande huu pia. Sisi tulikuwa tunaiona ile mifereji myekundu ya ng'ambo kila siku, lakini hatukuwahi kuihusisha na ntumba. Tulidhani tunalinda ulezi tu. Mimi hasa niliyatazama yale mabati yangu na kwa mara ya kwanza sikutaka kujisifu.

Jioni tulicheza ngoma. Kijana wa mjini alicheza na kibuyu chake cha togwa mkononi, mabuti yanamlemea, mama akimfundisha kurusha miguu. Mbegu za ulezi zilikuwa ardhini tayari.

Baada ya wiki chache yule kijana akaitisha mkutano wa mtaa, uwanjani shuleni. Alibandika ramani nyingine kwenye ubao. Hakuficha kitu, na hilo nitampa heshima yake siku zote. Alisema watu wanahitaji viwanja na wataendelea kuvihitaji, wala hawezi kuufungia mji mlango. Ila mji unaoanza kwa kula shamba lake wenyewe utanunua chakula kwa shida. Kwa hiyo alipendekeza mteremko wote wa udongo mweusi, wetu na wa majirani, ubaki wa kilimo na uandikwe hivyo, na viwanja vihamie juu kwenye changarawe na nyuma ya kilima, ambako hata mihogo inagoma. Watu walipiga makofi, ingawa si wote. Wapo waliokuwa wameshapata wateja wa mashamba yao, na hao hawakutusalimia mpaka Pasaka.

Kisha akaonyesha kwa rula mstari mmoja. Viwanja vya juu vinataka barabara, alisema. Barabara haiwezi kupita shambani tena, maana shamba limelindwa. Inabidi ipite ukingoni, na pale ukingoni kuna nyumba moja.

Nyumba hiyo ilikuwa yetu. Baba aliijenga mwenyewe, alifyatua tofali na kuzichoma karibu na kijito, na mimi nilizibeba kichwani nikiwa darasa la tatu. Niliinuka kabla sijafikiri. Nilisema maneno makali, na mengine siyarudii hapa kwa sababu nayaonea aibu mbele ya yule kijana. Nilisema heri makaburi. Nilisema wapindishe barabara, wapindishe kilima, wafanye watakavyo, nyumba ya baba haibomolewi.  Kijana wa Tanga alikuwa ameinamisha kichwa, na nadhani angekuwa na mahali pengine pa kupitisha ule mstari angepapitisha.

Mama alivuta kitenge changu nikae. Akasimama yeye. Hakuwa na maneno mengi mbele za watu, siku zote anaogopa Kiswahili chake kitachekwa, lakini siku ile alisema polepole, na hakuna aliyecheka.

"Barabara ipite jikoni kwangu. Pale ni changarawe, hapajawahi kuota kitu. Mume wangu alijenga pale kwa sababu hakutaka kuharibu shamba."

Sikuwa najua hilo. Maisha yangu yote nilidhani baba alichagua pale juu kwa ajili ya kuona mbali.

Kila kitu kilifuata taratibu zake. Mama alipewa kiwanja nyuma ya kilima pamoja na fidia yake ya halali, na mimi nikapeleka saruji na mabati, nikawasimamia mafundi mpaka wakaniita mkwe mbaya. Alihama na kuku wake, vyungu vyake na kitanda chake, akalalamika kwamba nyumba mpya ina madirisha makubwa, jirani wataona anachopika. Ulezi ule wa Jumamosi ulikuwa umepanda hadi magotini, umetulia, kijani mpaka unataka kuulalia.

Greda lilikuja mwezi wa tatu. Siku hiyo hiyo tulikuwa kule chini, kwenye nusu ya shamba iliyokuwa zamu yake kupumzika, ambayo haikusiwa ulezi, na majani yalikuwa yamefika kiunoni. Tulikuwa tumealikana tena, watu wamejipanga safu, majembe yanapanda na kushuka, ntumba mpya zinainuka, na mama mbele kama kawaida yake, anafokea waliopinda mstari. Tulisikia mashine ikinguruma juu. Kisha tukasikia ukuta ukianguka, mzito, halafu mwingine. Wote walisimama kuangalia juu isipokuwa mama, ambaye aliendelea kugeuza majani. Mimi niliona vumbi jekundu la tofali likipanda juu ya ukingo, tofali nilizozibeba mimi, nikajikuta nalia kwa sauti, mwanamke mzima na duka langu mjini.

Mama akasimamisha jembe. Alikuja mpaka nilipo, mikono imejaa udongo, akanifuta uso nao, akanipaka tope shavu zima. Alikuwa anatabasamu.

"Unalia nini, muuza saruji?" alisema. "Baba yako leo amepata alichotaka. Shika jembe, jua linakausha majani."

Nililia kidogo tena, kisha nikacheka, kisha nikashika jembe. Safu yangu ilitoka imepinda, na mama aliibomoa akaniambia nianze upya.